Chopa Inalala Wapi?

Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Muleba. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Maswali ya ukumbini nimeyaingiza humo humo.

Waliotoka Bukoba mjini, Kemondo, Kamachumu na Nshamba, karibuni. Na nyie mliovuka maji kutoka Bumbire na Ikuza, karibuni mara mbili, maana najua safari yenu haikuanza leo asubuhi.

Mada niliyopewa ni hii: serikali ikibanwa na bajeti, je, huduma za helikopta za polisi na za taasisi nyingine ziunganishwe ziwe kitu kimoja? Pale mlangoni kamanda mmoja kanishika mkono akaniambia, "Mwenyekiti, zahanati yetu haina dawa, wewe unatuletea habari za chopa?" Swali ni zuri, na nataka nianze nalo.

Ni kweli, mtu wa Muleba chopa anaijua kama chombo cha kura. Inakuja mwaka wa uchaguzi, inatimua vumbi uwanjani, watoto wanakimbia, mgombea anashuka na kupunga mkono. Chama tawala wamezitumia, na sisi wapinzani tumezitumia, tusidanganyane. Uchaguzi ukiisha chopa zinaondoka, na miaka mitano inapita. Ndiyo maana tunaliona suala la chopa kama anasa ya wakubwa. Lakini chopa za umma zipo, na zinalipiwa kwa kodi ya sabuni na sukari unayonunua hapa hapa Muleba. Unazilipia uzione usizione. Sasa mtu anayelipa asipouliza, nani atauliza?

Tuangalie hesabu kwanza. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha anga. Watu wa hifadhi, TANAPA, wana ndege zao. Kuna Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, ambaye pia amewahi kumiliki ndege zinazorushwa na ATCL. Na Wizara ya Mambo ya Ndani ilishazungumzia mkopo wa Dola milioni 100 kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu kwa ajili ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: magari ya kuzima moto, boti za uokoaji, na helikopta. JWTZ nawaacha pembeni, wao wana kazi yao ya ulinzi wa nchi.

Bodaboda yako ukiiegesha mwezi mzima, haikuli hela. Chopa haiko hivyo, yenyewe inakula hata ikilala. Kuna vipuri vinavyohesabiwa kwa saa za kuruka, na kuna vingine vinahesabiwa kwa kalenda. Siku yake ikifika kinatolewa hata kama kinang'aa. Rubani lazima aruke mara kwa mara, asiporuka anapoteza sifa ya kuruka. Fundi lazima awe amesomea aina ile ile ya chopa. Kuna bima, kuna hanga, kuna ulinzi wa hanga. Kwa hiyo taasisi tatu zikiwa na chopa za aina tatu, unalipa stoo tatu za vipuri, mafunzo ya aina tatu, na mahanga matatu. Na siku ya siku, moja iko matengenezo, nyingine haina rubani, ya tatu iko kwa mheshimiwa.

Na kuruka bila kujipanga kunaua. Jirani zetu Kenya, tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya polisi ilianguka katika msitu wa Kibiku, Ngong. Alikufa Waziri wa Usalama wa Ndani George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode, na wengine wanne. Chopa ile ilikuwa haijamaliza hata mwaka tangu inunuliwe. Chopa mpya si lazima iwe chopa salama. Usalama unatokana na mafundi, marubani, mafunzo na nidhamu, na vitu hivyo vinagharimu kila mwezi.

Kwa hiyo msimamo wangu nausema mapema, msije mkaniambia nimezunguka: naunga mkono kuunganisha. Najua wapo makamanda wanaoamini kazi ya upinzani ni kupinga. Hapana. Polisi na Zimamoto wako chini ya wizara moja, Mambo ya Ndani. Kama kila mmoja atajenga kikosi chake cha anga, hanga lake, na mafundi wake, huo ni upotevu, na tukikaa kimya tutakuwa tumeshiriki.

Lakini kuna swali moja ambalo wenye kalamu hawatauliza, na sisi wa Kagera ndio wa kuliuliza. Hiyo huduma moja ikishaunganishwa, chopa inalala wapi?

Fungueni simu zenu hapo, wekeni ramani, pimeni kwa mstari wa moja kwa moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,000. Kutoka Dodoma ni karibu 700. Kutoka Mwanza ni karibu 175. Chopa ya kawaida ya kazi inakwenda kama kilomita 220 kwa saa. Gaweni wenyewe. Ikilala Mwanza, inafika Bukoba ndani ya saa moja. Ikilala Dodoma, ni saa tatu na zaidi. Ikilala Dar es Salaam, ni kama saa tano ukiweka na kusimama njiani kujaza mafuta, na hapo nimekuhesabia rubani tayari yuko kwenye kiti na hali ya hewa ni nzuri.

Sasa nawakumbusha siku moja. Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam, watu 43 ndani, ilianguka ziwani kama nusu kilomita kutoka mwisho wa njia ya kurukia ya uwanja wa Bukoba. Ilikuwa karibu saa 3 asubuhi. Watu 24 walipona, 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Nani alifika wa kwanza? Wavuvi. Vijana wenye mitumbwi na makasia. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi, ndiye nchi nzima ilimjua kwa kusaidia mlango wa nyuma ufunguke.

Halafu ikatoka ripoti ya awali ya uchunguzi, Novemba ile ile. Ilisema Polisi Wanamaji walipata taarifa kama saa 3 asubuhi, lakini boti yao ya uokoaji ilikuwa kwenye kazi nyingine mbali. Ilifika kama saa 7 mchana. Na ilipofika, wazamiaji hawakuweza kufanya kazi, kwa sababu oksijeni kwenye mitungi haikutosha na mafuta ya boti yalikuwa yameisha.

Saa nne, makamanda. Kwenye maji ambayo unaweza kusimama pale ufukweni ukaona mkia wa ndege.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba chopa ingewaokoa wale 19. Mwili wa ndege ukiwa majini, watu wamefungwa mikanda ndani, kinachohitajika ni boti, mzamiaji, mtungi uliojaa, na chombo cha kukata bati. Yeyote atakayekwambia chopa ingemaliza kazi pale, anakuuzia. Ninachosema ni kwamba siku ile Bukoba tulionyeshwa maana ya chombo cha serikali kuwa kimoja na kuwa mbali. Boti ilikuwepo kwenye karatasi. Kwenye orodha ya vifaa ingehesabiwa. Lakini haikuwepo. Na huduma ya chopa ikiunganishwa vibaya itakuwa vile vile: ipo kwenye hotuba ya bajeti, haipo Goziba.

Wazungu walishalipitia hili, na tuna bahati kwamba waliandika kila kitu. Uingereza na Wales, Oktoba 2012, waliunganisha helikopta za polisi kuwa huduma moja ya kitaifa, chini ya polisi wa West Yorkshire. Sababu ilikuwa hii hii, bajeti. Mwaka 2015 wakatangaza kupunguza vituo kutoka 23 hadi 15. Mwaka 2017 wakaguzi wa polisi wao wenyewe wakaenda kuangalia. Walikuta nini? Kwamba kile kilichoitwa kuokoa fedha, sehemu kubwa ilikuwa ni kuruka kidogo. Gharama ya kila saa moja angani ilikuwa imepanda. Na mikoa haikuhudumiwa sawa: walio karibu na kituo walipata chopa upesi, walio mbali walingoja, wakati mwingine ikifika tukio limeshaisha. Na wote walikuwa wanachangia.

Nchi ile ni ndogo kuliko yetu mara nyingi tu, ina barabara za lami hadi mlangoni, na bado waliokuwa mbali na kituo walilia. Sasa wewe wa Kerebe utaambiwaje?

Na Kenya wana somo la pili. Wakati wa Rais Uhuru Kenyatta walikusanya ndege za polisi, za wanyamapori, za misitu na za mashirika mengine ya umma chini ya idara moja ya anga, na uendeshaji ukasogezwa kwa wanajeshi. Ikaja hoja ya nani anaamuru chopa ipae: polisi anayefukuza majambazi, askari wa wanyamapori, au mkubwa aliyeko ofisini? Hilo si swali dogo. Sisi tunaofanya siasa za upinzani tunajua chopa inavyoweza kuzunguka juu ya mkutano. Kama hakuna kanuni iliyoandikwa ya kipaumbele, mkutano wetu utapata chopa na mvuvi hatapata. Uokoaji wa maisha lazima uandikwe namba moja, na kila safari iandikwe kwenye daftari ambalo CAG anaweza kulifungua.

Mtu ataniuliza, kwa nini kituo kiwe Kanda ya Ziwa? Si kwa sababu tunajidai. Hesabuni.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikielekea Mwanza, imetoka hapa kwetu, imepitia Kemondo. Hesabu rasmi inasema watu zaidi ya 800 walikufa. Hakuna ukoo Bukoba wala Muleba ambao haukuguswa, au haumjui aliyeguswa. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara, zaidi ya 200 wakafa. Novemba 2022, ndege. Katikati yake, tetemeko la Septemba 2016 lililoangusha nyumba za Bukoba na kuua watu. Na Machi 2023 ukatangazwa ugonjwa wa Marburg hapa Kagera, na mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ndani ya wilaya hii hii ya Muleba. Kisiwa ambacho daktari akitaka kufika, anauliza kwanza upepo unasemaje.

Ongezeni na nchi kavu. Mwaka 2019 zilitangazwa hifadhi za taifa tatu mpya mkoani kwetu: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Kazi ya doria ya anga ya TANAPA iko hapa. Ongezeni mpaka na Uganda, Rwanda na Burundi. Ongezeni yale mapori ya Kasindaga na Biharamulo, ambako wazazi wetu walisafiri kwenye basi lenye askari mwenye bunduki kwa kuogopa majambazi. Polisi wana kazi hapa, hifadhi wana kazi hapa, Zimamoto wana kazi hapa. Kama kuna mahali ambapo chopa moja ya pamoja inaweza kupata kazi kila wiki, ni huku. Mwanza tayari kuna uwanja mkubwa wa ndege, na mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria, ambao Tanzania na Uganda wako pamoja kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, umepanga kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji Mwanza hapo hapo. Mkiweka chopa Dar es Salaam na mratibu Mwanza, mtakuwa mmenunua mkono na kuuacha mbali na bega.

Kuna mtu hapo nyuma kanyoosha mkono anasema, "Lakini Kilimanjaro mbona chopa zinafika?" Zinafika, ndiyo. Mtalii akizidiwa mlimani, kampuni binafsi ya helikopta inamfuata na bima yake inalipa. Sina wivu na mtalii, aokolewe. Lakini mvuvi wa dagaa hana bima ya aina hiyo. Bima yake ni serikali yake. Kama serikali haipo, anabaki na mwenzake wa mtumbwi wa jirani, kama atamwona.

Sasa tunadai nini? Nimeandika mambo manne, na nataka kila tawi liyajue kwa kichwa.

La kwanza, kuunganisha kuanzie pale palipo rahisi: Polisi na Zimamoto, wizara moja. Aina moja ya chopa, stoo moja ya vipuri, mafundi wa pamoja. Na kwa ziwa hili iwe chopa yenye injini mbili, yenye maboya ya dharura na winchi ya kumvuta mtu kutoka majini. Chopa isiyoweza kumvuta mtu itakuja kutuangalia tunazama.

La pili, sheria au kanuni itaje vituo kwa majina, na Kanda ya Ziwa iwe kimojawapo. Si "pale itakapohitajika." Neno hilo tumelisikia sana. Itajwe pia muda wa kufika, kwa dakika, na kila mwaka wizara iseme mbele ya Bunge imetimiza mara ngapi na imeshindwa mara ngapi.

La tatu, kila shilingi itakayookolewa kwa kuunganisha ibaki kwenye uokoaji. Hapa ndipo wengi tutaibiwa. Watasema tumebana matumizi, halafu hela inapotelea kwenye posho na magari. Sisi tunasema hela hiyo iende kwenye boti za uokoaji za Bukoba na Muleba, mafuta yake ya mwezi mzima, mitungi ya oksijeni iliyojaa na fundi wa kuijaza. Boti kwanza, chopa juu yake. Bila boti, chopa itamwona anayezama, itarudi kutoa taarifa.

La nne, wavuvi waingizwe kwenye mfumo. Majaliwa Jackson alipewa zawadi na akachukuliwa kwenye Jeshi la Zimamoto, na tulifurahi. Lakini huwezi kuendesha uokoaji wa ziwa zima kwa kumpa kazi shujaa mmoja. Kila mwalo uwe na vijana kumi waliofundishwa, wenye majaketi okozi, redio moja, na namba moja ya kupiga inayopokelewa usiku. Wao ndio watafika wa kwanza siku zote, chopa iwepo isiwepo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Ulizeni: kamati ya maafa ya kijiji chako imekaa lini? Ina nini mkononi?

Najua kuna atakayesema hizi ni ndoto, serikali haina hela. Makamanda, hoja yangu yote leo ni kwamba hela ipo, imegawanywa vibaya. Nchi inayoweza kulipia hanga tatu inaweza kulipia hanga mbili na boti sita. Sijaomba kitu kipya. Nimeomba kile tunacholipia tayari kisogee kilomita 850 kuelekea kaskazini-magharibi.

Kazi ya nyumbani sasa, maana kikao bila kazi ni harusi. Kila kata hapa iandike orodha ya mialo yake: mwalo gani una boti ya injini, nani ana jaketi okozi, simu inashika wapi na haishiki wapi. Msitie chumvi. Ukihesabu jaketi tatu, andika tatu. Wa Bukoba mjini, nendeni Nyamukazi mkaongee na wavuvi wenyewe, msiwaandikie mkiwa mezani. Pili, hotuba ya bajeti ya Mambo ya Ndani ikisomwa, msikimbilie mistari ya vitambulisho na pasipoti peke yake. Tafuteni neno helikopta, tafuteni neno boti, pigeni picha ukurasa, tumeni kwenye kundi. Tatu, mbunge akija kwenu, wa chama chochote, msimuulize kama anaunga mkono uokoaji. Kila mtu anaunga mkono uokoaji. Muulizeni swali lenye majibu: chopa inalala wapi, na boti ya Muleba ina lita ngapi za mafuta leo?

Akijua, mpigieni makofi hata kama si wa kwetu. Asipojua, mwambieni akaulize, na mumpe tarehe ya kurudi.

Nyie wa visiwani nawaruhusu mtangulie kula, upepo wa jioni hauwasubiri wanasiasa.